Maswali mnayouliza kila Jumamosi kuhusu vijarida vyetu vya kutoa kopi

Jamani kila tukitandika mkeka wetu wa vijarida hapa mtaani Tandika, Dar, watu wanakuja na maswali yale yale, na mi sauti inanikauka kabla ya adhuhuri, kwahiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja. Mengine nimejibu kwa urefu sababu nayapenda, mengine nimejibu kwa mstari mmoja sababu nimechoka kuulizwa.

Hivi zini ndo nini? Na mbona jina lenyewe lina matatizo?

Najua umecheka. Wenzetu wa nje wanaviita zini, ni kifupi cha fanzini, yani jarida la mashabiki, neno alilolitunga Mmarekani mmoja anaitwa Louis Russell Chauvenet mwaka 1940. Huko kwao halina shida, ila kwenye Kiswahili limeangukia pabaya kabisa. Siku ya kwanza namwambia mama mdogo "Jumamosi sipo, naenda kwenye mambo ya zini na wenzangu" aliweka sufuria chini akaniangalia mpaka nikajishtukia. Toka siku hiyo tunasema kijarida na maisha yanaendelea.

Kijarida ni kitu ambacho mtu au watu wachache wamekiandika, wamekichora, wamekitoa kopi, wamekipiga pini na kukigawa wao wenyewe kwa mikono yao. Hamna kampuni nyuma, hamna bosi wa kukwambia hii haiuziki, matangazo hamna (mara moja tuliweka la jirani anauza barafu ila yule ni jirani). Kopi zinakua 20, 60, zikizidi sana 100.

We ulianzaje? Maana tunasikia ulikua unavicheka

Ni kweli na sikatai. Mi kazi yangu ilikua kusoma prufu kwenye sehemu ya uchapaji, nimekaa miaka sita nawinda koma na nukta, na ukikaa na vitabu vilivyoshonwa vizuri unapata kiburi fulani cha karatasi. Nikiona kitu kimetolewa kopi kimepinda pinda najua huyu hana hela au hana kipaji, au vyote viwili.

Sasa kuna mtoto wa jirani, form three, siku moja ananipa karatasi moja imekunjwa kunjwa mpaka imekua kakitabu kadogo kuliko simu. Ndani katuni za kuku anayetoroka sikukuu ya Idi. Nikamwambia ahsante mdogo wangu, nikaitupia kwenye pochi, nikasahau. Kama wiki mbili baadae niko kwenye daladala Kilwa Road, foleni haisogei, simu imezima, nikaikumbuka. Nikaanza kusoma ili mda uende tu. Kuku amejificha kwenye kanzu ya shehe na shehe anaswalisha. Nilicheka kwa sauti mpaka mama niliyekaa nae akaomba aone, akasoma, akacheka, konda akaiona nae akaitaka, kutoka kwa konda ikaenda siti ya nyuma, na mpaka nashuka ilikua haijarudi na sijui iliishia kwa nani.

Jioni nikaenda kwa yule mtoto kumwomba nyingine. Akaniambia alitoa kopi kumi tu na zimeisha. Alafu akaniuliza "kwani dada ulisoma?" Si kwa kiburi, alikua anashangaa kweli, kwamba katika watu kumi mi ndo wa kwanza kurudi. Aisee niliona aibu. Miaka sita ya kusahihisha vitabu vya watu na sijawahi kuona kitabu kinatembea siti kwa siti hivyo.

Haya si mambo ya Wazungu tu?

Swali hili linaulizwa na watu wazima zaidi, na namshukuru mzee mmoja mwalimu mstaafu alilijibu vizuri kuliko mimi.

Kwa Wazungu historia yao inajulikana. Chicago 1930 mashabiki wa hadithi za kisayansi walitoa kijarida kinaitwa The Comet. London mwaka 1976 kijana mmoja karani wa benki, Mark Perry, alianzisha Sniffin' Glue kuhusu muziki wa panki, toleo la kwanza kopi kama 50 tu, mwaka uliofuata zilikua zinatoka maelfu akaamua kukifunga mwenyewe kikiwa juu. Miaka ya 90 mwanzoni wasichana wa Olympia kule jimbo la Washington wakaandika vya kwao kuhusu mambo ambayo magazeti yalikua hayawaulizi. Leo Barnard College huko New York wana maktaba nzima ya vitu hivi, imepangwa kwenye shelfu kama vitabu vingine.

Yule mzee alikaa anatusikiliza tunayasimulia haya kwa mbwembwe, alafu akatuuliza: mnamjua Erica Fiah? Kimya. Huyu alikua mtu wa asili ya Uganda, ana duka lake hapa hapa Dar, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti lake la Kiswahili linaitwa Kwetu. Mwenye duka, wakati wa mkoloni, anatoa gazeti. Mzee akaendelea: na Cheche je? Hapo mmoja wetu alishawahi kusikia. Cheche lilitolewa na wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia 1969, wenyewe wanachapa kwa taipu kwenye stensili (karatasi ya nta inayopitisha wino pale palipochapwa), wanadurufu, wanauza. Insha ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimya kimya ilitoka kama toleo maalum la Cheche mwaka 1970, na Walter Rodney aliyekua anafundisha pale pale nae aliandika humo. Mwisho wa mwaka huo huo likapigwa marufuku, na sababu moja waliyopewa ni jina lenyewe, kwamba cheche kwa Kirusi ni Iskra, na Iskra ni gazeti la Lenin, na sisi ujamaa wetu ni wa hapa nyumbani hatujauazima Urusi. Baada ya hapo likaja MajiMaji la vijana wa TANU.

Mzee anasema yeye hakua mwandishi, alisoma tu kopi ya rafiki yake, na rafiki yake alisoma ya mtu mwingine, ikimfikia ilikua imelainika kama noti ya zamani. Alafu akatuelezea kudurufu: ukikosea kwenye stensili unapaka rangi ya kuzibia, unasubiri ikauke, unachapa tena juu yake, na wino unakaa kwenye kucha wiki nzima. Tulikua tunajiona wabunifu siku ile, alipoondoka hamna aliyejisifu tena.

Inagharimu shingapi?

Kidogo kuliko unavyodhani, hesabu ndo hii. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne za A5, kwahiyo kijarida cha kurasa 16 ni karatasi nne, pande nane. Hapa mtaani upande mmoja wa kopi ni shilingi 100, ila ukienda na mzigo na ukamsalimia vizuri wa steshenari anashusha mpaka 50. Pande nane mara 50 ni 400. Kopi 60 ni elfu 24. Tunauza buku (elfu moja), wanafunzi jero (mia tano), na kuna kama 15 huwa zinaondoka bure kwa waliochangia. Piga hesabu mwenyewe, tunabaki na hela ya toleo linalofuata na soda.

Kuna mtu kasema mnachapa kwenye mashine ya mitihani, ni kweli?

Ndio na hii stori naipenda. Kuna mashine ya Kijapani inaitwa Risograph. Ndani inatengeneza stensili, inaizungushia kwenye dramu lenye wino, na karatasi zinapita kwa kasi ya ajabu, rangi moja kwa wakati. Kopi ya kwanza ndo ghali sababu unalipia stensili, zinazofuata ni bei chee, kwahiyo kwa kopi tano ni hasara ila kwa sitini na kuendelea ni raha. Sasa huko Ulaya na Marekani wasanii wanaigombania, wanaiita riso kwa mapenzi makubwa, wanaisifia wino wake unavyokaa kama umepakwa kwa mkono, mabango yake wanauza bei ya mbuzi.

Hiyo hiyo mashine kwetu ndo inachapa mtihani wa moko wa darasa la saba! Mtu yeyote aliyesoma shule ya Tanzania ameshashika karatasi ya riso na jasho linamtoka. Tulipoenda kumuuliza jamaa mwenye nayo kama anaweza kutuchapia kijarida, alituangalia akasema "ila maswali yako wapi?" Anatuchapia mpaka leo, isipokua msimu wa mitihani, hapo usimsumbue. Na angalizo, wino wake haukauki haraka, ukiharakisha kukunja utaweka dole gumba lako kila ukurasa.

Nataka kutengeneza cha kwanza leo leo, nifanyeje?

Karatasi moja tu. Ikunje nusu, nusu tena, nusu tena, ukifungua una visanduku nane. Sasa ikunje nusu pande fupi zikutane, na ukate kwa mkasi kutoka kwenye mkunjo, ukifuata ile alama ya katikati, mpaka ufike nusu ya karatasi iliyokunjwa, usizidishe. Fungua yote, kunja kwa urefu, shika ncha mbili usukume zikutane, ile sehemu uliyokata itafunguka kama mdomo wa samaki, endelea kusukuma mpaka ijilaze, tayari una kijitabu cha kurasa nane bila pini wala gundi. Cha muhimu, kabla hujaandika chochote tengeneza kimoja kitupu, weka namba kwa penseli kwenye kila ukurasa, alafu kikunjue. Utaona nusu ya namba zimekaa kichwa chini. Ndo inavyotakiwa, andika kwa kufuata hizo namba na usibishane nazo.

Unatoa kopi upande mmoja tu, kwahiyo ukiwa na buku una vijarida kumi. Acha kama sentimita moja pembeni sababu mashine haifiki ukingoni, itakula maneno. Na penseli haionekani vizuri, tumia peni nyeusi au maka peni.

Nimetengeneza cha kurasa 16 na kurasa zimechanganyika zote, ya 3 iko karibu na ya 14

Hapo hujakosea ndugu yangu, ndo sahihi! Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi ukizijumlisha zinatakiwa zilete kurasa zote ukiongeza moja. Kwenye 16 jumla ni 17: 16 na 1, 2 na 15, 14 na 3. Ikileta 18 kuna mahali umeteleza. Na idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, ukiwa na 13 tafuta mashairi ya kujazia au chora paka.

Stepla yangu haifiki katikati

Ifungue kabisa iwe imenyooka, weka kijarida juu ya ndala, piga, chomoa taratibu, pinda pini kwa kijiko.

Kwanini msiweke PDF tu mkatuma?

Tulijaribu. Toleo la nne tuliliweka kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili na ushee, tukapata dole gumba kumi na moja na mtu mmoja akaweka chini yake tangazo la mkopo wa haraka. Toleo hilo hilo kopi sitini za karatasi zilileta barua tisa, barua jamani, za kuandikwa kwa mkono, moja imeandikwa nyuma ya risiti ya luku. Mi sina ugomvi na simu, nashinda nayo, ila nimegundua mtu ukimpa kitu mkononi na ameona umekikunja mwenyewe anajiona ana deni dogo la kukusoma, na akikutana na wewe dukani kwa Mpemba anakwambia ukurasa wa sita umeongopa. Kwenye simu anapitiliza tu, kwanza hata hajui kama we ndo umeandika.

Walio mbali ni suala lingine. Dada yangu yuko Muscat, huwa nampigia picha ukurasa kwa ukurasa namtumia, na nikajua baadae kwamba huwa anaenda kuziprinti na kuzikunja tena huko huko anawapa wenzake. Kwahiyo kina toleo la Oman ambalo sijawahi kuliona.

Mnaandika kuhusu nini? Mi sina elimu ya uandishi

Sisi wengi hatuna. Toleo la kwanza lilikua maneno ya nyuma ya bajaji na daladala, tulizunguka na daftari wiki mbili tunaandika tu. Baadae kila mtu akaleta chake. Kuna fundi redio ameandika kila redio aliyowahi kushindwa kuitengeneza na kwanini, kurasa nane, ni kitu cha huzuni kuliko riwaya nyingi nilizosahihisha. Kuna shabiki wa Yanga anatoa chake na wa Simba anatoa cha kumjibu, hawasalimiani ila wanakopeshana stepla. Mama lishe mmoja hajui kuandika vizuri, anasimulia na binti yake anaandika, kinaitwa mambo ya mwiko, humo anakueleza kabisa wali wa kuuza unaongezwaje maji na mteja asijue. Wateja wake wakasoma. Sasa hivi wali wake una maji ya kawaida.

Ninachokataa ni kimoja tu, usiniletee mawaidha ya kunakili kwenye simu, yale ya "usikate tamaa". Niletee kitu ambacho we peke yako ndo unakijua hata kama ni namna ya kufungua mlango wenu unaokwama.

Na mtu akijiona humo akakasirika?

Ilitokea. Tuliandika kuhusu foleni ya maji kwenye mtaa wetu, hatukutaja jina, ila tulielezea kitenge na namna anavyopanga ndoo za watu wake mbele. Mtaa mzima ulimjua kwa kitenge. Akaja pale kwenye mkeka, kajifunga kitenge kile kile, tukajua leo tunachanwa. Akasema "nipeni kalamu." Akakaa hapo hapo akaandika kurasa mbili, kwamba ndoo zile ni za bibi mmoja mgonjwa na wapangaji wawili wanaotoka kazini usiku, na kwamba tungemuuliza angetuambia. Tuliitoa yote bila kukata neno, na ndo toleo lililowahi kuisha mapema kuliko yote. Yeye sasa ndo anasimamia usambazaji kule juu.

Tangu hapo sheria yetu ni kwamba kama mtu anatambulika, anasoma kabla hatujaenda kutoa kopi. Inachelewesha, najua. Kuna Jumamosi tumekuja mkeka mtupu sababu mtu hajamaliza kusoma.

Leseni je? ISBN?

Mi sio mwanasheria kwahiyo nasema kidogo. Kijarida cha katuni zako unachowapa rafiki zako ni kitu kimoja, ila kama unatoa kwa mfululizo na kinabeba habari kama gazeti, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka magazeti yawe na leseni, nenda kaulize Idara ya Habari Maelezo kabla hujaanza, na Zanzibar wana utaratibu wao. ISBN ni ya vitabu, ukiitaka inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, sisi hatujawahi kuihitaji. Kazi uliyoiandika ni yako toka unaiandika, kwahiyo usiibe katuni ya mtu mtandaoni na mwenzio asiibe yako.

Mbona mna ukurasa unaitwa "Kuchamba vitabu"?

Ilitakiwa iwe kuchambua. Mimi, msoma prufu wa miaka sita, nilipitisha. Kopi sitini zimeshapigwa pini, nikaanza kurekebisha kwa peni moja moja, nimefika ya ishirini wenzangu wakanizuia kwa kicheko. Watu walikuja na kitabu wanasema mi hiki nataka kukichamba kweli kweli kimenipotezea hela. Ukurasa haujawahi kukosa mwandishi tangu siku hiyo, wakati ule wa mashairi tunaubembelezea kila mwezi.

Naweza kuleta changu mkaniuzia?

Lete, au bora zaidi lete tubadilishane, moja kwa moja. Hatuchukui asilimia. Ila ukae nacho mwenyewe pale, angalau saa moja, watu wanataka kumuona aliyeandika.

Yule mtoto wa kuku yuko wapi?

Amemaliza form four, anafanya kazi kwenye ile steshenari tunayotolea kopi. Anasoma kila kitu wakati mashine inatembea, na akiona kosa anasimamisha mashine anapiga simu: "Dada'angu, hapa umesema daladala hii inageuzia Rangi Tatu, siku hizi sivyo." Hela ya kopi zilizoharibika yeye hatulipishi sisi.

Toleo la kwanza linapatikana?

Hamna. Zilikua sitini, zimeisha zamani, na orijino ilipotelea kwenye mashine ya kopi. Ninayo moja tu, ina doa la chai kwenye jalada na ukurasa wa mwisho umechanika. Ukija nitakupa, utakaa hapo kwenye mkeka usome, na usiondoke nayo.